Sajini Aliyesema Hana Msaidizi

Sajini hakukubali kukaa wakati mtu mwingine amesimama. Ukiingia uani kwake Tlawi, hata kama umefuata chumvi tu, ulimkuta ameshaanza safari ya kuinuka kutoka kwenye kile kiti chake kirefu alichotengenezewa na fundi, na safari yenyewe haikuwa fupi. Aliikita fimbo chini. Akaushika mguu wa kushoto kwa mkono, maana goti lake halijakunjika tangu vitani, akauvuta mpaka ukakaa anapotaka. Halafu mwili ukaanza kupanda polepole, uso umekaza, hadi akasimama wima na kidevu juu, na hapo ndipo alipokuwa tayari kusalimiwa. Ukimwambia, "Shikamoo Sajini, wewe kaa tu," alijibu, "Marahaba. Nimeshasimama." Mwishowe nikawa namsalimia nikiwa bado barabarani, kwa sauti ya darasani, ili apate muda wake.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka yote niliyofundisha Tlawi, kabla sijahamishiwa Daudi. Mimi si mtu wa kustaajabu ovyo. Ukishafundisha darasa la tatu kwa muda mrefu, yanabaki mambo machache ya kukushtua. Lakini mzee huyu alinistaajabisha asubuhi na jioni, na sioni haya kusema hivyo. Habari za alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani nawaachia ndugu zake, ambao wanazijua vizuri na wanapenda kuulizwa.

Alikuwa mwanajeshi, na bomu lililotegwa ardhini lilimkuta katika vita ya Uganda, akiwa bado kijana. Lilimwachia goti lile, na mgongo usioinama, na mkono wa kulia wenye dole gumba na kidole kimoja, na sikio la kushoto lisilosikia kitu. Vipande vya chuma vilibaki mwilini kwa sababu madaktari waliomtibu waliogopa kuvifuata huko vilikojificha. Yeye aliviita wapangaji. Miezi ya baridi, ukungu unaposhuka juu ya mashamba yetu na kugoma kuondoka mpaka mchana, wapangaji waliamka. "Leo wanagombana," alimwambia mke wake, na mke wake akaongeza kuni jikoni bila kuuliza. Siku moja nilimkuta jasho linamtiririka kwenye paji la uso, katika baridi ambayo sisi wengine tulikuwa tumevaa makoti juu ya masweta. "Hawalipi kodi na hawahami," akaniambia. Nikamuuliza kama anaumwa sana. Akasema, "Wanaumwa wao." Kisha akaniuliza habari za mitihani, akasikiliza jibu langu lote, mpaka mwisho, huku jasho likiendelea kumtoka.

Nisije nikamfanya malaika. Kwenye drafti alikuwa mwizi. Walicheza kwa vizibo vya soda chini ya ukuta wa duka, na kila alipoona mambo yanamwendea kombo aliupitisha ule mkono wa vidole viwili juu ya ubao, kama mtu anayekung'uta vumbi, na vizibo vya mwenzake vikapungua. Wote walimwona. Lakini nani atasimama aushitaki mkono uliokatwa na bomu? Sikio lake nalo lilikuwa na akili zake. Mwenyekiti wa kitongoji akija na habari za michango, Sajini alimgeuzia upande wa kushoto, akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu anayetamani sana kusikia. Zikija habari za binti wa fulani kukimbiwa na mchumba, aligeuza upande wa kulia, na hakupitwa na neno. Halafu alikuwa anaogopa sindano. Mtu aliyekanyaga bomu alikuwa anamkimbia nesi wa zahanati, na mke wake ilibidi amshike mkanda wa suruali mpaka dawa iingie, huku wagonjwa wengine wakijifanya wanasoma matangazo ukutani.

Ng'ombe wake wa kulimia aliwaamrisha kijeshi. Alisimama pembeni ya shamba na fimbo yake, mke wake akiwa nyuma ya jembe, na ukisikia "Mbele tembea" au "Nyuma geuka" asubuhi, ulijua kwa Sajini wanalima. Wale maksai walimtii kuliko wanafunzi wangu walivyonitii mimi. Alipowauza, aliyewanunua alirudi baada ya siku chache kulalamika kwamba hawasogei. Ikabidi afundishwe amri.

Habari za vita hakuzisimulia. Watu wa rika lake huko kwetu, hata wale ambao vita waliisikia redioni tu, wanaweza kukupigia vita hiyo mchana kutwa, lakini yeye ukimuuliza alikuambia habari za soksi. Nilimwalika darasani wakati wa kuwakumbuka mashujaa. Watoto walitarajia bunduki na vifaru, akaanza na soksi: kwamba vita ni kutembea, na soksi ikilowa, mguu unaoza, na mguu ukioza, umewapa wenzako mzigo. Watoto wakaanza kutazama dirishani. Ndipo mmoja, ambaye siku zote alikuwa na mdomo, akanyoosha mkono na kuuliza, "Babu, uliua wangapi?"

Niliona aibu, nikataka kumkemea. Sajini akanizuia kwa mkono. Akasema, "Nilioua siwajui. Niliowabeba ndio nawajua." Akaanza kuwataja. Alitaja jina la kila mmoja na mahali alipotoka, na sehemu aliyokuwa ameumia, na kama alifika hai au hakufika. Aliwataja wote akiwa amesimama, bila kusita na bila kurudia jina. Darasa langu, ambalo halinyamazi hata padri akija kubariki, lilinyamaza kabisa. Alipomaliza alisema, "Haya, mwalimu, waendelee na hesabu," akatoka kwa mwendo wake wa kuvuta mguu. Hesabu hazikufanyika siku hiyo.

Kuwabeba watu hakukuacha. Wilaya zetu hizi mbili, Mbulu na Hanang, zina wazee walioumia katika vita ile na ambao hawakuwahi kudai chochote. Wengine hawakujua kwamba askari aliyeumia akashindwa kufanya kazi anaweza kuomba pensheni ya ulemavu. Wengine walijua, wakaona ni mambo ya watu wa mjini. Sajini aliwafuata. Mtu asiyeweza kuinama kufunga kamba ya kiatu alikuwa anapanda gari kwenda Dongobesh, akateremka mpaka Katesh, na kutoka hapo akatafuta pikipiki ya kumfikisha kijijini, mguu mmoja umenyooka mbele kama bomba. Tulimwambia atajiua. Alitugeuzia sikio la kushoto.

Nakumbuka zaidi mfugaji mmoja wa Dirma, ambaye mlipuko ulimharibu macho na yakaendelea kufifia mwaka hadi mwaka, huku ndugu zake wakidhani ni uzee tu. Sajini alimleta kwake Tlawi akae naye kabla ya kwenda mbele ya bodi ya madaktari. Bodi hiyo ndiyo inayoamua: inamuuliza mtu, inampima, kisha inaandika kama anaweza kufanya kazi au hawezi, na bila neno la bodi hakuna pensheni. Nilipita nikawakuta uani wanafanya mazoezi. Sajini alikuwa daktari.

"Unaona?" akamuuliza.

"Naona kidogo," akasema yule mfugaji.

"Unaona nini?"

"Nakuona wewe."

"Mimi ni nani?"

"Wewe si Sajini?"

"Umenijua kwa macho au kwa sauti?"

Mfugaji alikuwa mtu mzima, mwenye ng'ombe na wajukuu, na niliona anatafuta njia ya kukwepa. "Kwa sauti," akasema mwishowe.

"Basi sema hivyo," Sajini akamwambia. "Daktari si mgeni wa harusi ili umfurahishe. Mwambie mwili wako ulivyo. Ukificha, utarudi nyumbani na macho yako hayo hayo na mikono mitupu."

Yule bwana alisema hivyo mbele ya bodi, na akapata. Alirudi Tlawi na kondoo wa shukrani. Sajini akamkataa kondoo kwa maneno mazito kuhusu wajibu wa askari, na mke wake, wakati maneno hayo yanaendelea, akamchukua kondoo na kumfunga nyuma ya nyumba.

Sasa niseme jambo lililonishinda kuelewa kwa muda mrefu. Wapo waliopata kwa sababu yake, lakini yeye mwenyewe hakupata. Alifika mbele ya bodi, akakataliwa, akakata rufaa, akarudi, akakataliwa tena. Najua alichojibu humo ndani kwa sababu alinisimulia mwenyewe, tena kwa kujisifu. Walimuuliza kama anaweza kuvaa nguo mwenyewe, akasema anavaa. Walimuuliza kama analima, akasema shamba linalimwa. Walimuuliza nani anamsaidia, akasema hakuna. Alijibu yote akiwa wima, kidevu juu, viatu vinang'aa. Madaktari walimtazama mzee aliyenyooka namna ile wakaandika kwamba anajimudu. Mimi nisingewalaumu.

Sehemu moja ya jambo hili ilikuwa kiburi cha kijeshi, hilo halifichiki. Sehemu nyingine ni mazoea yetu, na lazima niyaeleze, maana mtu wa mbali anaweza kumwona Sajini mwongo. Kwetu Tlawi tunalimiana. Mgonjwa, mjane, mama aliyejifungua juzi, shamba lake haliachwi liwe pori. Asubuhi majirani wanashuka na majembe, wanamaliza, wanakunywa uji, wanaondoka. Na wewe uliyelimiwa huwataji mbele ya mgeni. Ukiwataja ni kama unatangaza kwamba walikufanyia hisani, na wao wataona haya, na safari nyingine watakuja kwa kusitasita. Shamba limelimwa, basi, yamekwisha.

Mazoea haya ndiyo yaliyomponza mwaka ule ofisi ya madai ilipomtuma afisa aje aone Sajini anaishi vipi. Habari zilimfikia mwenyekiti wa kitongoji siku chache kabla. Watu wenye hesabu zao wangefanya nini? Wangeuacha ukuta ulivyobomoka, na magugu yalivyoota, ili mgeni ayaone. Watu wetu walisikia neno moja tu, mgeni. Mgeni wa serikali anakuja kwa Sajini, na shamba la Sajini lina magugu! Siku iliyotangulia, kitongoji kizima kilishuka. Walipalilia mahindi na maharage, wakanyoosha matuta ya makinga maji, wakakandika ukuta kwa udongo mpya, wakasuka upya ua wa zizi, na mmoja akaleta fahali wake aliyenona akamfunga humo, ili mzee asionekane maskini.

Nilirudi kutoka shule nikalikuta boma limependeza kuliko nyumba ya mapadri. Nilishika kichwa. Nikamfuata mwenyekiti, aliyekuwa ananawa mikono kwa furaha, nikamuuliza mzee ataitwaje asiyejiweza mwenye shamba kama lile. Akanitazama kwa kunihurumia. "Mwalimu," akasema, "kwani ulitaka tumwaibishe?"

Afisa alikuja, kijana mpole mwenye adabu, akawaamkia wazee wote. Akatembezwa shambani. Majirani walikuwa wamejipanga kando ya ua, wanatazama miguu yao, na mke wa Sajini alikuwa jikoni anapika chai ya mgeni.

"Mzee, shamba zuri sana," akasema afisa. "Nani analima?"

"Shamba ni langu, afande," Sajini akajibu.

"Lakini unapata msaada?"

"Hapana."

Kando ya ua watu walipumua. Walikuwa wameridhika kabisa, kwa sababu Sajini alikuwa amewaheshimu. Majibu yalipokuja yalisema mdai ana uwezo wa kujitegemea kwa kilimo. Nilipandwa na hasira, nikamwendea.

"Sajini, ulishindwa nini kusema ni majirani?"

"Ningeanza na nani, mwalimu?" akasema. "Halafu ningemsahau mmoja."

"Na mgongo? Ulishindwa nini kusema mgongo hauinami? Mbona yule wa Dirma ulimfundisha?"

Akageuza kichwa polepole, akaniletea lile sikio la kushoto.

Mpaka hapa mke wake nimemtaja kwa kupita tu, na ndivyo sote tulivyozoea kumtaja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye ulimi mkali, aliyemwita mumewe "bwana jeshi" akiwa amekasirika na "mzee" akiwa hajakasirika. Asubuhi alimvalisha soksi na viatu, akafunga kamba, akafunga vifungo vya shati ambavyo dole gumba na kidole kimoja havikuviweza, akamnyoa ndevu, na masharubu yale ambayo Sajini aliyaringia alikuwa anayakata yeye kwa mkasi wa kushonea. Baada ya hapo akaenda shambani. Kikianguka kitu, fimbo, kijiko, redio, alikuwa ameshakiokota kabla sauti haijatulia. Alifanya haya yote huku anaongea mambo mengine, bei ya vitunguu saumu, kuku wa jirani, kwa hiyo hata ukikaa pale ukimtazama hukuona kama kuna kazi inafanyika.

Siku za bodi alimsindikiza mumewe mpaka mlangoni, kisha akakaa kwenye benchi la nje na kifurushi cha chakula, kwa sababu waliokuwa wanaitwa ndani ni wadai peke yao. Majibu ya Sajini hakuwahi kuyasikia. Yeye aliona barua za kukataliwa tu, na akawalaani watu wa ofisi. "Sijui hawa wana moyo wa namna gani," alikuwa anasema, huku anamfunga mumewe kamba za viatu.

Halafu magoti ya huyu mama yakaisha. Yalianza kwa kulia wakati wa kupanda makinga maji, yakaja kuvimba, mpaka akichuchumaa ikawa lazima ashike kitu ndipo ainuke. Binti yao pekee, aliyepanga chumba Babati na watoto wake, akasema inatosha, wafunge nyumba waende mjini. Sajini hakubishana. Alinieleza mambo yalivyo, akiwa amesimama uani, kwa sauti kavu: rufaa aliyokata ndiyo ya mwisho, ofisi imemwandikia hivyo. Akipata pensheni, watamweka mtu wa kuwasaidia na watabaki Tlawi. Asipopata, wanahama baada ya mavuno, na mke wake atakwenda kuzeekea kwenye chumba cha kupanga, mbali na makaburi ya watoto wao wawili waliofariki wadogo, yaliyo pale nyuma ya nyumba. "Mimi naweza kukaa popote," akasema. "Nimelala kwenye matope. Ila yeye hapana."

Niliomba ruhusa shuleni nikaenda nao, kwa sababu mama hakuweza tena kupanda gari bila mtu wa kumshika. Tulipofika kwenye bodi, nesi akatuambia utaratibu umebadilika, anayemsindikiza mdai anaingia naye. Mama akasema atasubiri kwenye benchi kama kawaida. Nesi akasema, "Mama, ingia tu, kuna baridi hapo." Nikamshika mkono tukaingia sote.

Ndani kulikuwa na daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani, na pembeni yake afisa wa jeshi mwenye mvi. Sajini alipoiona ile sare alikusanya mwili wake wote, akabana viatu, akapiga saluti kwa vidole viwili alivyobakiwa navyo. Yule afisa mwenye mvi aliinuka kwenye kiti akaipokea saluti sawasawa, mkono umetulia, mpaka Sajini aliposhusha wake. Wakati huohuo nilijua kwamba tumekwisha.

"Mzee, kaa," daktari akasema.

"Nimezoea, daktari."

"Haya. Unavaa mwenyewe?"

"Navaa."

"Na viatu?"

"Na viatu."

Niliona mama, pembeni yangu, anageuza kichwa.

"Kuoga? Shambani?"

"Najimudu."

"Nyumbani nani anakusaidia?"

"Hakuna," akasema Sajini, kidevu juu.

Mke wake alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepiga hodi kwake mwenyewe akaambiwa hapa hatukujui. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika.

Fimbo ikateleza. Ilikuwa imeegemezwa kwenye kona ya meza, ikaanguka sakafuni, na kabla yeyote kati yetu hajajua kimetokea nini mama alikuwa chini ameshaishika. Ni mwili wake uliokwenda, hakufikiri. Alipotaka kuinuka, magoti yakagoma. Akashika mguu wa meza, akajivuta, akarudi chini. Nilimshika kwapani. "Niache," akasema, bila kunitazama.

Sajini alimnyooshea mkono. Ule mkono ulishuka mpaka pale mgongo wake ulipokubali, ukaishia hewani, juu ya kitambaa cha kichwa cha mke wake, na pengo lililobaki halikuwa kubwa, mtoto mdogo angelivuka. Alijaribu kuinama. Nilimwona anajaribu kweli, uso ukabadilika rangi, jasho likatoka, wapangaji wote lazima walikuwa wameamka. Hakufika. Daktari akawa anainuka kwenye kiti.

"Daktari, subiri," Sajini akasema. Sauti ya gwaride ilikuwa imemwishia. "Futa hayo niliyosema."

Daktari akakaa.

"Siwezi kumwinua mke wangu," akasema. "Yuko chini mbele yangu na siwezi kumwinua. Hivi viatu amenivalisha yeye. Vifungo ni yeye. Ndevu ni yeye. Shamba ni yeye na majirani, nitakutajia wote, na nikimsahau mmoja atanisamehe. Tangu nitoke vitani sijawahi kuinama. Kila kilichoanguka ameokota yeye. Kazi yangu mimi imekuwa kusimama tu."

Yule afisa mwenye mvi alizunguka meza, akapiga magoti na sare yake, akamshika mama upande mmoja, nami nikamshika upande wa pili, tukamwinua tukamketisha. Mama akaishikilia fimbo mapajani, akawa anaitazama. Daktari akachukua karatasi nyingine akaanza maswali yote tangu mwanzo, kwa upole, na Sajini akayajibu moja baada ya jingine. Hawezi kuvaa viatu. Hawezi kujiosha miguu. Hawezi kushika jembe. Nimemwona mtu huyu akivumilia chuma kikitembea mwilini mwake huku ananiuliza habari za mitihani, na nasema bila kusita kwamba ushujaa wake wote niliousikia na kuuona haukufikia ule wa dakika zile. Kila neno "siwezi" lilimtoka kwa shida kama anang'olewa jino, na hakuacha hata moja ndani. Katika safari ya kurudi hakuna aliyesema kitu mpaka Dongobesh, ambapo mama alimuuliza kama ana njaa, naye akasema ndiyo.

Majibu yalikuja maharage yakiwa yameshavunwa, na mimi nikiwa nimeshahamia Daudi. Bodi ilikubali. Likizo ilipofika nilikwenda kuwapa hongera. Nilimkuta msichana wa jirani anaosha vyombo uani, ndiye waliyemweka wa kuwasaidia, na Sajini alikuwa dukani kwenye drafti, kwa hiyo tulikaa wawili tu, mama na mimi, tukawa tunachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia hongera, sasa hamwendi tena Babati.

"Tumeshukuru," akasema. "Tumeshukuru sana."

Alichambua kidogo, akatupa kijiwe, akachungulia barabarani kuona kama mumewe yuko mbali.

"Unajua, mwalimu, nimeolewa naye akiwa hivyo hivyo, ameshatoka vitani," akasema. "Miaka yote hiyo namfunga viatu, naokota, sikuwahi kumwambia kitu. Nilidhani hajui."

"Hajui nini, mama?"

"Kwamba ni mimi."